Maombi Hayakatwi

Kwenye cherehani yake Fundi alikuwa jenerali. Wasichana wake wa dukani wakikosea upindo aliwaambia "fumua", nao wakafumua bila kuinua macho. Lakini kanisani alikuwa kiongozi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa, na huko hakuna wa kumwambia fumua. Utamfukuza nani, na mshahara humlipi? Utamtishia nini mtu ambaye hata nauli anajitolea mwenyewe?

Uongozi wenyewe hakuuomba. Siku ya uchaguzi alibaki nyumbani na mtoto mwenye homa, na kazi ya asiyekuwepo mkutanoni inajulikana: ni kuchaguliwa.

Aliyemwachia kiti ni Mwalimu, bibi mstaafu aliyekianzisha kikundi. Mwalimu ndiye aliyemfundisha Fundi kusoma, na ndiye aliyemshika mkono mama yake Fundi mpaka alipokata roho. Aliacha kanuni mbili: hatuingii wodini kabla ya kuomba, na maombi ya mtu hayakatwi. Enzi zake kanuni hizo hazikumsumbua yeyote, kwa kuwa mwombaji alikuwa yeye mwenyewe, na aliomba kwa ufupi kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Kisha akaja Mama Maombi. Huyu alianza vizuri, mama wa watu, mwenye sauti ya kutikisa mabati. Watu wakamsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akawa anaanzia uumbaji wa dunia, anapita kwa manabii wote bila kumruka hata mmoja, na mgonjwa anatajwa homa ikiwa imeshamtoka. Mume wa Fundi, makanika asiyeweza kunyamaza, alisema, "Huyo akibariki chai, mnakunywa barafu."

Mwaka uliopita Fundi alijaribu. Alimvuta pembeni, akamwambia kwa upole wote aliokuwa nao, "Dada yangu, tufupishe kidogo, wagonjwa wanatungoja." Mama Maombi alilia hadharani, akaondoka na nusu ya kikundi. Wagonjwa wakakosa hata wa kuwapelekea uji. Mchungaji akamwita Fundi ofisini, akamwambia kiongozi ni mtumishi, na mtumishi hujishusha. Fundi akajishusha. Alikwenda kuomba radhi mlangoni kwa Mama Maombi, naye akarudi na watu wake, na tangu siku hiyo alijua nani ameshika mpini na nani ameshika makali.

Ndipo Mwalimu akalazwa. Siku moja kabla ya kupasuliwa, alimpigia Fundi simu kutoka kitandani.

"Mwanangu, mnakuja leo?"

"Tunakuja, Mwalimu."

"Naogopa." Akacheka kidogo. "Mimi niliyewaambia wengine msiogope. Uje unishike mkono, basi. Sihitaji kingine."

Fundi alifunga duka mapema, akafika hospitalini mlinzi akiwa ndio kwanza anafungua geti. Angeweza kupanda ngazi peke yake. Lakini wenzake walikuwa wameshafika uani, chini ya tangi la maji, wakitengeneza duara, na Mama Maombi alimnyooshea mkono. "Kiongozi, tulikuwa tunakungoja wewe tu." Fundi akaushika ule mkono. Alijiambia, leo ni Mwalimu, hata huyu atafupisha.

Mama Maombi akaanzia uumbaji.

Alipowafikia wana wa Israeli jangwani, Fundi alifumbua macho. Dirisha la ghorofani lilikuwa wazi, na Mwalimu alikuwa pale, kitambaa cheupe kichwani, akiwatazama. Akainua mkono. Fundi alitaka kumpungia, ila mikono yake yote miwili ilikuwa imeshikwa, kulia na Mama Maombi, kushoto na mzee mstaafu wa benki aliyekuwa akitetemeka kwa upako. Alijaribu kujichomoa taratibu. Mama Maombi alidhani ni Roho, akambana zaidi.

Basi Fundi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Alisema kwa sauti, katikati ya maombi ya mtu: "Amina!"

"Amina!" wakaitikia wote kwa furaha. Mama Maombi akachochewa kama moto uliotiwa kuni, akarudi jangwani na nguvu mpya.

Fundi alilia. Aliyekuwa karibu alimsikia, akasema, "Asante Yesu." Mlinzi alipogonga kengele ya kuwatoa wageni, Mama Maombi ndio kwanza alikuwa amelitaja jina la Mwalimu. Fundi alikimbia getini, akamsihi mlinzi kama mtoto. "Dakika moja tu, kaka yangu." Mlinzi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mama, mlikuwa hapa muda wote. Mbona hamkupanda?"

Mwalimu aliingia chumba cha upasuaji asubuhi, hakuamka tena.

Mazishini mchungaji alikisifu kikundi mbele ya kanisa zima. Alisema hawakumwacha mwenzao, walisimama naye katika maombi mpaka muda ulipokwisha. Watu waliitikia amina, naye Mama Maombi alijifuta machozi, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Fundi alimpenda Mwalimu, lakini Mama Maombi naye alimpenda. Hapo ndipo Fundi alipokosa hata mtu wa kumkasirikia.

Walipokuwa wakitawanyika, nesi kijana aliyekuja na sare yake alimsogelea Fundi. "Wewe ndiye fundi cherehani? Bibi alikutaja sana. Nilimsogezea kitanda dirishani awaone."

"Alisema nini?"

"Hakusema mengi. Kila nikipita aliniuliza, 'Wameshasema amina?' Nikimwambia bado, anasema, 'Basi waache. Maombi hayakatwi.'" Nesi akafikiri kidogo. "Mara moja tulisikia mmesema amina. Alifurahi, akaomba nimfunge kitambaa vizuri, akauweka mkono juu ya shuka."

Nyuma yao Mama Maombi alikuwa anaita watu wasiondoke kabla ya neno la mwisho. Duara likatengenezwa. Mkono mmoja ukaushika wa Fundi kulia, mwingine kushoto, naye akafumba macho.