Siku Nilipomwekea Mtani Wangu Pingamizi

Niseme mwenyewe mapema kabla hamjasikia kwa Sefu, maana Sefu akisimulia ataweka na vitu ambavyo havikuwepo: ni kweli, mimi Dulla, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye hata daftari langu la Hisabati sijui liko wapi, nilisimama mbele ya afisa ardhi na kamati nzima ya kijiji nikadai shamba la watu. Shamba la Mzee Issa. Lina mikorosho mikubwa kuliko nyumba yetu ya mjini, na nililidai kwa sauti nzito, mkono mmoja kiunoni, mwingine nanyoosha kidole hewani kama wakili kwenye tamthilia. Nilikuwa natania. Shida ni kwamba pale alikuwepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuandika kila anachosikia.

Sasa nianze vizuri. Mama yangu anauza mitumba mjini Mtwara, lakini ana shamba kijijini kwao, huko upande wa Mpapura, aliachiwa na bibi mzaa mama. Bibi alimpa mbele ya watu, akiwa hai, akitembea naye mpaka kwa mpaka. Ila karatasi hakuna. Na kwa sababu hakuna karatasi, Mjomba Athumani (kaka yake mama, anaishi Dar, anakuja kijijini akikumbuka) alianza kusema shamba ni la ukoo na msimamizi wa ukoo ni yeye. Mwezi uliopita alikuja na mwanaume mmoja aliyevaa viatu vyeupe, wakazunguka mle shambani, yule jamaa anapiga picha na simu, anauliza barabara iko umbali gani. Mama alipopata habari hakula siku mbili. Alikuwa anakunja nguo na kuzikunjua tena.

Kwa hiyo lilipotoka tangazo kwamba watu wa ardhi wanakuja kupima mashamba ili kila mtu apate hati ya kimila yenye jina lake, mama alifunga kibanda, akanibeba na mimi (ilikuwa likizo), tukaenda. Njia nzima alinieleza mara kumi. Ukishakuwa na hati, mtu hawezi kuuza shamba lako nyuma ya mgongo wako. Watapima leo tu, alasiri gari lao linaondoka kwenda kijiji kingine, na Mjomba amesema wiki ijayo anarudi na yule mteja wake. Nilielewa. Naapa nilielewa.

Tumefika shambani asubuhi, jua limeshakuwa kali, mabibo yameanguka chini yananuka mpaka unasikia njaa na kichefuchefu kwa pamoja. Kamati bado iko shamba la tatu kutoka letu. Mama akafungua pochi, akashika kifua.

"Picha! Pasipoti nimeziacha kwa mama mdogo, kwenye kikoi."

Akanishika bega, akanisimamisha chini ya mkorosho uliopo katikati yetu na Mzee Issa, ambao ndio mpaka tangu enzi za bibi.

"Dulla, simama hapa. Wakifika kabla sijarudi, sema 'mama anakuja'. Maneno mawili. Unaweza maneno mawili?"

"Naweza."

Hayo maneno mawili mpaka leo sijayasema.

Hapa lazima nieleze jambo moja kwa wale wasiomjua Mzee Issa. Mzee Issa ni Myao, sisi Wamakonde, watani. Tena kwa umri ni babu yangu, kwa hiyo utani unaingia kwa milango yote miwili. Siku ya kumzika bibi, yeye ndiye aliyekalia majembe ya kuchimbia kaburi akasema haziki mtu mpaka apewe jogoo, na watu wakacheka huku wanalia, na jogoo akapewa. Kila akiniona ananiambia shamba letu ni lake, sisi tulipewa tu tukae tufukuze nyani. Na mimi namjibu kuwa bibi alimwokota njiani akiwa hana hata kandambili. Ndivyo tunavyosalimiana. Asipokutukana, ujue anaumwa.

Basi kamati ikafika. Mbele yuko Bi Zaituni, katibu wa kamati, na rejista yake kwapani. Nyuma watu kama ishirini, majirani, watoto, binamu yangu Sefu anatafuna bibo, na Rehema (sitaeleza Rehema ni nani, inatosha kwamba alikuwepo). Na katikati afisa ardhi, kijana mwenye miwani, kabeba kishikwambi kifuani kama anavyobebwa mtoto mchanga. Mtu wa Kagera, mgeni kabisa wa utani wetu wa huku. Hilo nilikuja kulijua baadaye, na laiti ningelijua mapema.

Wakazunguka shamba la Mzee Issa, afisa anagusa kishikwambi kila kona, halafu wakasimama pale pale nilipo mimi. Afisa akasoma:

"Shamba hili limetambulishwa kuwa mali ya Issa. Majirani mpo. Kuna mwenye pingamizi?"

Mzee Issa akanikonyeza. Jamani, akanikonyeza! Mngefanyaje ninyi?

"Lipo!" nikasema.

Watu wote wakageuka. Sefu akaacha kutafuna.

"Shamba hili ni letu. Huyu Myao aliwekwa hapa kulinda mikorosho tu, na mishahara yake alishakula. Naomba aondoke na chungu chake."

Kicheko kililipuka pale, akina mama wanapigana mabega, Rehema kaficha mdomo kwa mtandio, na mimi nikajiona nimekuwa mrefu kidogo. Afisa hakucheka. Alipandisha miwani.

"Jina lako?"

"Abdallah."

"Umri?"

Miaka yangu ni kumi na sita. Lakini Rehema alikuwa ananiangalia.

"Kumi na tisa."

(Sefu alitoa sauti fulani kama mtu aliyekabwa na kokwa.)

"Msingi wa madai yako?"

Hapo ningenyamaza, hadithi ingeishia hapo. Ila sisi tumefundishwa Uraia na mwalimu anayependa maneno makubwa, na yale maneno yalikuwa yananiwasha muda mrefu bila pa kuyatumia.

"Umiliki wa kimila, kwa njia ya urithi, usioingiliwa na mtu yeyote."

Afisa anaandika. Akamgeukia Mzee Issa. "Mzee, unasemaje kuhusu madai haya?"

Na Mzee Issa, mtani wangu, mtu asiyekubali kushindwa maneno na mtoto, akaweka mikono nyuma akasema kwa huzuni ya uongo:

"Ni kweli, bwana nkubwa. Mimi ni nlinzi tu hapa. Bibi yake alinipa nikae, nami nikampenda, basi nikasahau kuondoka."

Watu walilia kwa kicheko. Mmoja alikaa chini kabisa, juu ya mabibo. Afisa akaandika mpaka mwisho, akaweka nukta, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya nyanya:

"Pingamizi limepokelewa. Na anayelalamikiwa amekiri. Shamba hili halipimwi, lina mgogoro."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilipungua kidogokidogo, huku kimoja, kule kingine, mpaka akabaki mtoto mmoja anacheka peke yake, mama yake akamfinya.

"Hao ni watani, afisa," Bi Zaituni akasema. "Wanataniana."

"Mama, mimi fomu yangu haina kisanduku cha utani. Kuna kijiji niliambiwa hivyohivyo, wanataniana, nikapitisha. Baada ya msimu mmoja wamekatana kwa panga, na karatasi yenye sahihi ni yangu. Sirudii." Akagusa kishikwambi. "Linalofuata ni la jirani. Hili nalo linasubiri, kwa sababu mpaka wake ni huohuo wenye mgogoro. Waende kwanza baraza la ardhi la kijiji wakasuluhishwe."

"Lipi?" nikauliza. Sauti yangu ilitoka nyembamba, ile ya darasa la tano.

"Hilo ulilosimamia. La Mwanaisha."

Mwanaisha ni mama yangu.

Nikamwangalia Mzee Issa nikitegemea atanikonyeza tena, anioneshe pa kutokea. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaiangalia mikorosho yake, mmoja mmoja, na midomo inacheza kama anaihesabu, na mkono uliokuwa nyuma sasa umeshika shina.

"Bwana," akamwambia afisa, "mimi nimepanda hii mwenyewe. Ile nlisema nchezo."

"Umekiri mbele ya kamati, mzee."

"Nafuta basi!" nikapiga kelele. "Nafuta pingamizi, nilikuwa natania, naomba ufute!"

Afisa akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Mtu mzima akiweka pingamizi akaliondoa papo hapo, inabidi aandike kuwa alidai mali isiyo yake kwa makusudi, asaini, kamati ijadili. Hiyo si ya leo. Gari linaondoka alasiri.

"Lakini mimi si mtu mzima!"

"Umesema una miaka kumi na tisa."

"Nilidanganya."

"Uthibitisho?"

Kitambulisho cha shule kiko mjini. Sare iko mjini. Kila kitu kinachoonesha kuwa mimi ni mtoto kiko mjini, na hapa nina ndevu tano ambazo nimezilea kwa miezi minne. Nilikuwa najaribu kukumbuka wiki ijayo ni siku ngapi kutoka leo, naona viatu vyeupe vinatembea chini ya mikorosho ya bibi, ndipo nikasikia kandambili zinapiga haraka kwenye njia. Mama. Anakimbia, jasho limelowesha mtandio, picha zake za pasipoti kazishika kwa vidole viwili asizichafue, na anatabasamu kwa sababu amewahi.

Bi Zaituni akamweleza. Mama hakunitazama hata mara moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu:

"Kama ni mtoto, inakuwaje?"

"Kama hajafika miaka kumi na nane, maneno yake peke yake ni batili," afisa akasema. "Angepaswa kusimamiwa na mzazi. Na mzazi ni wewe, na wewe hujadai chochote kwa Mzee Issa. Kwa hiyo ni kama hakuna kilichosemwa."

"Basi sikilizeni, mashahidi mpo."

Na mama akanithibitisha. Mbele ya kijiji. Akasema nilizaliwa mwaka gani, mvua gani, kwenye kitanda cha nani. Akamwita mke wa Mzee Issa, Bi Somoe, ambaye ndiye aliyenipokea mkononi nilipozaliwa, naye akaja akifuta unga, akanishika kidevu akanigeuza kushoto na kulia kama mbuzi wa mnada.

"Huyu? Huyu nimemwogesha mimi, akilelewa hapa na bibi yake. Alikuwa anakojoa kitandani mpaka darasa la nne, godoro lilikuwa linaanikwa kwangu kwa kuwa kwao hakuna jua la kutosha. Kumi na tisa ya wapi?"

Sefu alikuwa anajipigapiga kifua kwa kicheko. Rehema sikumwangalia. Mpaka leo sijamwangalia.

"Kovu analo hapa," Bi Somoe akaendelea, anashika kiuno cha suruali yangu.

"Inatosha, mama, inatosha," afisa akasema haraka.

Wakajadiliana, Bi Zaituni na wenzake, muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kama muhula. Dereva wa gari la wilaya alishawasha injini kule barabarani. Hatimaye pingamizi likafutwa, nami nikasaini karatasi chini ya neno "mtoto", mama akasaini pembeni. Na kukiri kwa Mzee Issa nako kukafutwa, lakini alitakiwa aseme upya, kwa kinywa chake, kwamba shamba ni lake. Alisema polepole, anachagua kila neno, hakuna hata moja la kuchekesha. Sijawahi kumsikia akiongea vile.

Shamba lake likapimwa. Likaja letu. Afisa anatembea, mama nyuma yake, kona, kona, kona. Mwisho ikabaki sahihi ya jirani. Mzee Issa akapewa wino. Akaangalia fomu, akaangalia mkorosho wa mpakani, akaniangalia mimi.

"Nkiweka dole hapa," akasema, "kesho huyu ntoto hatakuja na karatasi nyingine?"

Nikasubiri acheke. Hakucheka. Honi ya gari ikalia mara mbili. Mama alisimama na picha zake mkononi, hasogei.

Bi Somoe akamgusa mumewe kiwiko. Akaweka dole gumba. Afisa akaondoka anakimbilia gari, shamba la mama likiwa la mwisho kwenye kishikwambi chake.

Tangu siku hiyo mimi na maneno makubwa tumeachana. Darasani mwalimu wa Uraia akiuliza nani anajua maana ya umiliki, naangalia dirishani. Na popote nitakapoona mtu mwenye fomu nitataja jina langu na umri wangu halisi, na nikiulizwa zaidi nitasema mama anakuja.

Lakini jioni ile, tunarudi kwa mama mdogo, mama alitembea mbele na mimi nyuma, nasubiri kofi. Nilichagua mpaka shavu. Halikuja. Tulipofika uani akakaa kwenye mkeka, akavua kandambili, akasema:

"Shamba limepimwa, alhamdulillahi. Ila Mzee Issa kaniita pembeni, kaniuliza kama ni mimi niliyekutuma. Miaka yote hii tumepakana kwa mkorosho mmoja, leo kaniuliza hivyo. Nimemwambia hapana, akaitikia tu. Kwa hiyo kesho alfajiri unachukua jembe unakwenda kumpalilia, likizo yote, na huo mdomo wako unauacha hapahapa nyumbani."