Ukimaliza Sanaa Yako

Mwezi uliopita nilipita Msanzi, kijijini kwetu, nikakuta nyumba ya bibi imegeuzwa ghala la mahindi. Mlango ni ule ule, ila ndani magunia yamepangwa mpaka juu. Nikasimama kizingitini na kamera begani kama mgeni aliyekosea nyumba, upepo wa Julai ukinipiga mgongoni. Kama umekulia Ufipa, baridi ile huhitaji kusimuliwa.

Bibi ndiye aliyenilea. Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi, kisha mimi nikaenda kuchota maji, yeye akabaki anapepeta. Sauti ya ungo wake niliisikia tangu njiani, nikajua kabla sijafika kama leo ameamka vizuri au magoti yanamsumbua. Baada ya mavuno alikuja mpiga picha wa baiskeli kutoka Mwimbi, na siku hiyo kijiji kizima kilinawa miguu. Usicheke. Picha ya kwetu ilikuwa ya mtu kamili, toka kilemba hadi viatu, hata kama viatu vyenyewe ni vya kuazima kwa jirani. Bibi alimwonya yule bwana kila mwaka kwamba asimkate miguu, maana asiye na miguu atawafikiaje vitukuu.

Picha yake moja ilitundikwa ukutani, juu ya kitanda tulicholalia. Niliitazama mpaka usingizi unanichukua. Nadhani ndiyo iliyonipeleka kwenye kazi hii.

Nilianzia Sumbawanga mjini, picha za pasipoti na za harusi, watu wamesimama wima vile vile kama Msanzi. Baadaye nikaenda Mbeya kusomea. Mwalimu wetu alituambia sura ni ya kitambulisho, msanii hutafuta kilichojificha. Neno lile nililimeza bila kutafuna. Nikaanza kupiga picha za viganja, migongo, vivuli, moshi unaopenya kwenye nyasi za paa. Watu wa mjini wakasifu, na mimi kichwa kikavimba.

Wakati huo mchwa walikuwa wameshaila ile picha ya ukutani, na zile za miaka mingine zilizokuwa sandukuni. Kila nilipokwenda kumsalimia, bibi aliomba nyingine. Nami nilimpiga, tena mamia. Nikimwonyesha, aliigeuza kamera huku na huku akijitafuta.

"Mbona mimi simo?"

Nilicheka, nikamweleza kwamba ile ni sanaa. Hakukasirika.

"Haya, mama. Ukimaliza sanaa yako, na mimi unipige."

Jumapili moja alitoka kanisani na kitenge chake cha sikukuu, hakwenda kubadilisha. Alisimama mbele ya nyumba, mikono ubavuni, akanisubiri. Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Nikamwambia mwanga huu mbaya, bibi, tungoje jioni. Akaitikia tu. Jioni nilimkuta ameshavaa nguo za jikoni, anapuliza moto, amenipa mgongo. Nikaupiga mgongo ule na moshi wake. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na ninaichukia.

Alifariki kipindi cha mvua. Shangazi, bintiye mkubwa, aliwaambia waombolezaji wasihangaike kutafuta picha ya kutangulia jeneza, mpiga picha tunaye ndani ya nyumba. Nikafungua kompyuta mbele ya ndugu na katekista. Viganja. Kisigino chenye nyufa. Mgongo. Sikio na hereni yake. Shavu moja, lile jingine limemezwa na giza la mlangoni. Shangazi alikuwa ananiuliza taratibu, kila baada ya picha chache, "Sura iko mbele?"

Haikuwepo. Hata kadi yake ya kupigia kura, aliyoifunga kwenye pindo la kitenge miaka yote, ilikuwa imechubuka, pale penye uso pamebaki doa jeupe. Mwishowe shangazi aliifunga kompyuta kwa mkono wake, akaenda kuwagawia watu chai. Jeneza lilitanguliwa na msalaba wenye jina tu. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Ningetukanwa ningepumua.

Siku hizi nimerudia picha za kusimama wima, mtu mzima na miguu yake. Vijana wa mjini wananiambia, "Dada, hizi za kizamani," wanajipiga wenyewe kwa simu. Siwalaumu. Aliyezitaka kwa moyo alikuwa mmoja, na huyo nilimwambia angoje jioni.

Kuna jambo sijamwambia hata shangazi. Nikifumba macho nimkumbuke bibi, zinakuja picha zangu tu. Vinakuja viganja, unakuja mgongo, unakuja moshi. Miaka yote niliyomtazama kwa macho matupu, tukila sahani moja, kamera imeifuta. Uso wake siukumbuki tena.