Viatu vya Nanyama vya Kulia Chakula Melini

Mama Nanyama nilimjua kwanza kwa miguu yake. Fundi wa viatu ndivyo anavyowajua watu. Mguu wake wa kulia ulikuwa na kidole gumba kilichopinda kuelekea wenzake, kwa sababu ya jembe lililomkata zamani akipalilia, na nyayo zote mbili zilikuwa pana. Mtu ambaye ametembea maisha yake yote juu ya udongo hupata nyayo za namna hiyo.

Alikaa Kiminini, nyuma ya mashine ya kusaga unga wa posho, peke yake. Mumewe Wekoye alikufa mwaka wa sabini na tisa. Wasichana wake wawili waliolewa mbali. Mtoto wa mwisho, Mukhisa, aliondoka mwaka wa themanini na tatu kwenda Mombasa kufanya kazi hotelini, na kutoka hotelini akachukuliwa na meli kubwa zile za kutembeza wageni. Miaka mingi hakurudi nyumbani. Alituma picha na barua, na barua zile zilikuwa zikinisubiri mimi. Nilikuwa napita pale kila baada ya wiki mbili tatu, nikitoka Kachibora nikiteremka mpaka Bungoma, kisanduku changu begani. Shule niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wa Mukhisa naweza kuusoma. Mama alikuwa akinipa chai, anakaa mbele yangu na kuangalia mdomo wangu.

Barua ninayotaka kuieleza ilifika mwaka wa tisini, mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Ilikuwa na kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba wakubwa wa meli, baada ya yeye kufanya kazi miaka mingi bila kosa, wamempa ruhusa alete mzazi mmoja asafiri kama mgeni siku sita, kutoka Mombasa mpaka Shelisheli na kurudi kwa njia ya Zanzibar. Kurasa mbili zilizobaki zilikuwa ni viatu tu.

Mchana, alisema, mama atavaa anachotaka, hata ndala. Lakini chakula cha jioni kina sheria yake. Hakuna ndala, hakuna raba, hakuna kiatu kinachoonyesha vidole. Kisigino kiwe kifupi, kwa sababu meli hucheza na mwanamke mwenye kisigino kirefu huanguka na sahani. Soli isiwe ya ngozi tupu, kwa kuwa sakafu inapigwa dawa mpaka inateleza. Rangi iwe nyeusi, maana nyeusi inakubali nguo yoyote. Na kisiwe kipya kabisa, kisije kikamchubua siku ya kwanza akabaki chumbani. Mara tatu alirudia kwamba mlangoni kuna mtu ambaye kazi yake ni kuangalia miguu.

Nilisoma yote. Mama akaniambia nisome tena hapo kwa viatu. Nikasoma tena.

"Ananionea haya?" akauliza.

Nikamwambia hapana, mtoto anamtayarisha tu.

"Mimi nataka kitu kimoja, Mzee. Nataka nikae na yeye kwa meza moja nimwone akila. Miaka saba sijaona huyo mtoto akila. Sasa kama ni kiatu ndicho kitanizuia mlangoni, si tukitafute?"

Basi tukakitafuta. Viatu vyake vya kanisa vilikuwa vya kitambaa, vya kahawia, na vidole vilichungulia nje. Hivyo vilianguka mtihani. Tulianza Kitale, kwenye duka moja lenye vioo. Msichana wa duka, Chepkorir, alisikia neno meli akatuletea viatu vyekundu vyenye kisigino kama msumari. Akamwambia mama hivi ndivyo wanavyovaa huko. Mama alivivaa, akasimama ameshika rafu kwa mikono miwili.

"Nishushe," akasema. "Hii ni ngazi."

Msichana alicheka mpaka akakaa chini. Akaleta vingine vifupi, lakini vyote vilikuwa vimetengenezwa kwa miguu ya watu wa ofisini. Kile kidole kilichopinda kilikataa kila kimoja.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Bungoma, kwenye mitumba. Pale viatu vilikuwa vinamwagwa juu ya turubai kama viazi, na kila mtu anachimba. Mama ndiye alikiona, cheusi, kisigino cha vidole viwili, mbele mviringo, ngozi nzuri ambayo mtu mwingine alikuwa amekwisha kuilainisha. Lakini kilikuwa cha kushoto peke yake. Mwenye turubai, kijana mmoja, akatuambia tusiwe na wasiwasi. "Mguu wa kulia uko tu hapa, mama. Haujaenda kwao." Tulichimba tangu saa nne mpaka jua likapita utosini. Ulikuwa chini kabisa, umejificha ndani ya buti la mwanamume.

Wa kushoto ulimkaa vizuri. Wa kulia ulibana kile kidole. Nikauchukua, nikaujaza maharagwe makavu mpaka kwenye ncha, nikamwagia maji na kuufunga kwa kamba. Maharagwe yakivimba yanasukuma ngozi polepole kuliko chuma chochote, wala haipasuki. Siku mbili nilifanya hivyo. Halafu nikabandika soli ya raba kwa viatu vyote, nikapaka rangi, nikamwambia, "Mama Mukhisa, sasa kila jioni vaa ukila, ndiyo vikuzoee."

Akafanya hivyo. Kila jioni alipika ugali wake, akavaa viatu vile vyeusi, akatoka jikoni na sahani mkononi, akavuka uwanja mpaka nyumba kubwa, akakaa mezani. Majirani waliona. Kisimani walianza kumwita Mama Meli na kumuuliza leo anakula na nani. Akawajibu, "Na kapteni. Lakini hapendi mboga ya mrenda."

Aliondoka mwezi wa kumi na moja. Mimi nilikuwa upande wa Suam wakati huo, nikishonea wachuuzi, kwa hiyo yaliyotokea huko nilisikia kwake aliporudi. Alinieleza polepole, siku nzima, nikiwa natengeneza buti zake za shamba.

Sasa ni lazima niseme jambo moja la kwetu. Kiatu kizuri hakitembei barabarani. Mtu akienda kanisani huvaa ndala au huenda hivyo hivyo, kiatu kikiwa kwenye mfuko. Akifika kwenye kijito karibu na kanisa anaosha miguu, anaikausha, anavaa kiatu, ndipo anaingia. Nanyama alifanya hivyo tangu ubatizo wake. Hakuna aliyemwambia kwamba melini ni tofauti, na mimi mwenyewe sikufikiri, kwa sababu hata mimi ningefanya hivyo.

Mukhisa alikuwa amempokea bandarini, akamkumbatia, akamwonyesha chumba chake na kumwambia wataonana jioni kwenye chakula. Akaenda haraka. Jioni ilipofika mama akavaa kitenge chake kizuri, akavaa ndala, akaweka viatu kwenye mfuko na kutembea kwenye zile njia ndefu zenye zulia, akitafuta mahali pa kuosha miguu. Hakupaona. Akafika mlangoni hivyo hivyo. Yule mtu wa kuangalia miguu akaangalia miguu, akainua mkono.

Mama akamwonyesha mfuko. Yule mtu hakuelewa. Mama akamwonyesha kwa mikono kwamba anataka maji. Yule mtu akafikiri ana kiu. Wageni wakaanza kusimama nyuma yake, wanawake wenye mabega wazi, wanaume wenye tai za kipepeo. Aliniambia alitamani sakafu ifunguke.

Ndipo Mukhisa akatoka ndani. Alikuwa na koti jeupe, taulo mkononi na jagi la maji, na viatu vyeusi vinavyong'aa. Aliona ndala, akaona mfuko, akaelewa palepale, kwa sababu ni mtoto wa Kiminini. Akamvuta mama yake nyuma ya chungu kikubwa cha maua. Akachuchumaa, akammwagia maji miguuni juu ya mizizi ya yale maua, akaikausha kwa lile taulo la mkononi.

"Haraka, mama," akasema. "Mkubwa wangu asione."

Akamvisha viatu. Vikaingia bila shida, hata cha kulia. Akampeleka ndani mpaka kwenye meza ya watu wanane, akamvutia kiti. Wazee wa Kizungu waliokuwa pale wakamtabasamia. Kiti cha pembeni yake kilikuwa wazi. Mama akakipigapiga kwa kiganja.

"Papa, kaa," akamwambia. Ndivyo akina mama wa kwetu wanavyomwita mtoto wa kiume kwa mapenzi.

Mukhisa akabaki amesimama. "Mimi sikai hapa, mama. Mimi ni wa kuhudumu."

"Kesho je?"

"Hata kesho."

"Unakula saa ngapi?"

"Saa tano, huko chini. Wageni hawaruhusiwi."

Aliponieleza hapo nilisimamisha sindano. Nilikumbuka ile barua. Kurasa mbili za viatu, na mimi msomaji nilizisoma mara mbili nikafikiri ni mambo ya viatu. Kijana alikuwa anazunguka tu. Alikuwa na neno moja la kumwambia mama yake, kwamba atakula peke yake, akalikosea njia, akaandika habari za visigino. Nilitaka kumwambia Nanyama hivyo, lakini nilimtazama nikaona ameshajua. Alijua pale pale mezani.

Jioni ile hakula. Mama hawezi kutafuna wakati mtoto wake amesimama nyuma ya kiti na njaa. Alichukua paja la kuku, akalifunga kwa kitambaa cha kufutia mikono, akaliingiza kwenye mfuko ule wa viatu. Alipotoka alimpa Mukhisa mlangoni. Mukhisa akalichukua chini ya taulo kama mwizi, akacheka, halafu akageuka upande.

Jioni zilizobaki alivaa viatu tangu chumbani. Alikuwa amejifunza. Aliketi na wale wazee, wakamwonyesha uma upi ni wa nini. Mwanamke mmoja akaelekeza kidole kwenye viatu vyake na kusema neno ambalo lilikuwa zuri. Mama hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Jioni ya kapteni, ile anayokula na wageni, kulikuwa na mishumaa na watu walipiga makofi. Mukhisa alipita na trei mara kumi na nne. Mama alihesabu. Kila mara kijana akipita aligusa mgongo wa kiti cha mama kwa kidole, bila kusimama. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

"Viatu vilikubali," aliniambia akinikabidhi kikombe. "Hakuna aliyeviangalia vibaya. Kazi yako ilikuwa safi, Mzee."

Nikashukuru. Nikarudi kwenye buti zake.

Niliendelea kupita. Mwaka wa tisini na mbili nilisimama kwake, akaniletea vile viatu nitazame soli. Nikavigeuza. Soli ilikuwa imeliwa sana upande wa nje, na kisigino cha kushoto kimeisha. Nikamuuliza ametembea navyo wapi hivyo, kama amekwenda navyo sokoni. Akasema havijatoka kwenye uwanja wake. Kutoka jikoni mpaka mezani tu, kila jioni. Alikuwa hajaacha. Alisema wakati huo Mukhisa naye huwa amevaa vyake, popote ile meli ilipo, na yeye anaona ni vizuri wawe wamevaa pamoja.

Nikabandika soli nyingine. Mwaka wa tisini na nne nikabandika tena.

Mukhisa alikuja Desemba ya tisini na tano. Nilimkosa kwa siku tatu, ila mama alinipa habari yote. Kijana alikuwa amenenepa kidogo na nywele zimeanza mvi. Mama alichinja kuku, akapika, akavaa viatu vyake, akavuka uwanja. Mukhisa alimpokea sahani mlangoni, akaiweka mezani kwa upande wa kushoto, akamvutia kiti. Mama akakaa. Kijana akabaki nyuma yake, mkono mmoja ameukunja mgongoni, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mama alingoja. Akaona hasogei.

"Papa," akamwambia bila kugeuka, "hapa hakuna mkubwa wako."

Kijana akazunguka meza, akavuta kile kiti kingine na kukaa. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akavivua, akaviweka chini ya meza pamoja na soksi. Akala kwa mkono, miguu mitupu sakafuni, mpaka kuku akaisha. Mama alimwangalia tu. Alikuwa amengoja miaka kumi na miwili.

Kijana alikaa siku tisa akarudi kazini.

Nilipofika mama alikuwa barazani na viatu vyeusi mapajani, akivipangusa kwa kitambaa. Aliniambia cha kulia kimeanza kufunguka kwa mbele, nikitie uzi kabla jua halijazama. Nikakaa, nikatoa sindano yangu. Ndani, kwa mlango uliokuwa wazi, niliona meza imeshapangwa, na vile viti viwili, kimoja kikiwa kimesogezwa nje kidogo, vile mtu hukiacha akiinuka.