Vidole vya Jirani Yangu

Niliamini kwa akili zangu zote, tena cheti cha shule ya jioni kikiwa njiani, kwamba jirani yetu Mwislamu alikuwa anahesabu nyumba za avenyu yetu ili awapelekee waasi wa mashariki hesabu hiyo. Habari ilitoka kwa kinyozi, na kinyozi wa mji wetu wa Likasi hajakosea tangu dunia iumbwe.

Jirani huyo, mtu wa Maniema, alikuwa dereva wa kamioneti ya samaki wa ziwa Tshangalele. Kila jioni nikienda masomoni nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango wake, midomo inacheza bila sauti, kidole gumba kinapanda na kushuka kwenye viungo vya vidole vingine, macho kwenye nyumba zetu. Yangeelekea wapi? Ndizo zilizokuwa mbele yake. Hilo sikuliwaza.

Nikaanza kuhesabu naye. Nilijifanya nafunga kamba za viatu, na miguuni nimevaa kandambili. Thelathini na tatu, kisha anaanza upya. Nikazihesabu nyumba: thelathini. Nikaongeza banda la kuku, choo cha fundi cherehani na msingi uliotelekezwa. Thelathini na tatu kamili! Nywele zilinisimama, hata mtu wa Kakanda, mji wa mbali, angeziona.

"Weye muntu ya masomo," mke wangu akasema, "choo nayo ni nyumba?"

"Wakati wa vita, mama, choo nayo ni nyumba."

Nikasimulia bombani. Siku ya tatu avenyu nzima ilijua. Samaki wake hawakununuliwa tena. Akipita, wamama walivuta watoto ndani. Dereva akaona tunavyomwangalia, akaanza kuhesabu mkono ukiwa mfukoni. Mfukoni! Kwangu ushahidi ulikuwa umetimia. Halafu akaacha kutoka kabisa, pazia likashushwa, kamioneti ikalala vumbini wiki mbili. Nikaandika kwenye daftari: "Anapanga."

Siku niliyokuwa nalipeleka daftari kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, mke wa dereva alinizuia njiani. Hakuwa na hasira. Angekuwa nayo, ningejua la kufanya.

"Papa, uko unaandika bwana yangu?"

"Niko naandika usalama wa avenyu, mama."

"Usingizi umemukimbia. Gari ikisimama inje, anaingia chini ya kitanda, mwanaume muzima. Munganga anasema mwili hauna kitu, ni woga. Jana ameniomba nimufunge mikono na kamba, pengine mutamuacha."

Daftari lilikuwa kwapani, zito kama gunia la saruji. Nikamuuliza kwa sauti ya aliyefeli mtihani kabla hajauandika: sasa anahesabu nini?

"Anamutukuza Mungu. Sala ikiisha tunasema Mungu ametakasika, mara makumi tatu na tatu, tunashika ku vidole ili tusipotee. Miye pia nafanya vile, na mama yangu. Mule ndani hamuna nyumba ya muntu, papa."