Rispa na Mume Aliyekwisha Kuzikwa

Watu wa Kisegi, kijiji cha kando ya ziwa, walimwogopa Rispa Awino hata kabla ya mambo ya mumewe. Walikuwa na sababu. Mwanamke huyo alilipwa mshahara kutazama vitu vikifa.

Mimi naitwa Ombati, Mkisii, na miaka ile ya mwanzo ya Uhuru nilikuwa dereva wa kituo cha utafiti wa malale karibu na Magunga. Kituo chenyewe kilikuwa nyumba mbili za mabati pembeni mwa pori la mbung'o. Bosi wetu, Daktari Ssebunya, alikuwa Mganda mpole aliyefunga kamera juu ya hadubini. Alitaka kupiga picha ya seli, zile chembe ndogo ambazo mwili umejengwa nazo, wakati ule ule zinapokufa. Rispa, mzaliwa wa kisiwa cha Rusinga, ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Mimi niliwaona kama watu waliokosa kazi, lakini mshahara ulikuwa unaingia, kwa hiyo nikafunga mdomo.

Siku moja Rispa alinionyesha. Alidondosha rangi ya buluu juu ya tone la damu kwenye kioo, akaniambia niiname.

"Seli iko hai inakataa rangi," alisema. "Ile imekufa haiwezi kukataa tena. Inaingiwa."

Niliona viduara vyeupe vimetulia, na katikati yao kimoja cha buluu kikinitazama kama jicho. Kisha akanionyesha picha alizokuwa amezisafisha katika chumba cha giza. Seli zingine zilikuwa zimepasuka, na hizo nilizielewa. Zilizonitia baridi ni zile ambazo hazikuguswa na kitu chochote. Zilikuwa zimejikunja zenyewe, zikajigawa vipande vidogo safi, na seli za jirani zikavimeza.

"Hizi hakuna kitu imeziua," Rispa alisema. "Ni kama zimeletewa habari kwamba zimekwisha, halafu zikakubali."

Daktari alisema hata yeye hajui habari hiyo hutoka wapi. Sikuomba kuonyeshwa tena.

Mumewe Rispa aliitwa Zadock. Alikuwa mchuuzi wa nyavu na kamba huko Kisegi, mtu wa kelele na vicheko, aliyevuka ziwa mara kwa mara kwenda upande wa Musoma. Masika ya mwaka 1965 mtumbwi wake ulikutwa umepinduka, na mwili haukuonekana. Ndugu walitafuta, wakangoja, miezi ikapita, hata kaka yake Nashon akasema basi. Kwa Wajaluo, mtu aliyepotea majini huzikwa kwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini kwa kikonyo kama kamba. Nililibeba mimi mwenyewe kwenye Landrova, limevalishwa shati la kijani la Zadock na kulazwa kiti cha nyuma. Kila tulipopita shimo, tunda lilijigeuza. Nilikigeuza kioo cha dereva kisinionyeshe nyuma, nikaendesha hivyo hadi Kisegi. Wakalilia tunda, wakalizika uani, wakasimamisha msalaba wenye jina lake, na Rispa akanyolewa nywele.

Januari iliyofuata, mchana wa jua kali, nilikuwa nafungua gurudumu nikaona mtu amesimama kwenye uzio wa kituo, amejifunika blanketi.

"Ombati," aliniita polepole. "Bibi yangu yuko?"

Spana ilinitoka mkononi. Sauti ilikuwa ya Zadock, ila ile kelele yake haikuwamo. Niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Rispa alitoka na koti lake jeupe. Hakulia wala hakukimbia. Alimshika mkono, akaweka vidole kwenye mshipa, akabaki hivyo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Una homa."

Wavuvi wa upande wa pili walikuwa wamemwokota akiwa amevunjika mguu. Alikaa kwao hadi ukaunga, akarudi nyumbani kwa miguu kupitia maporini, na huko mbung'o wakamuuma. Sasa alilala mchana kutwa na kuamka jua likizama. Alizungumza na watu tusiowaona, na kucheka pasipo na cha kuchekesha. Daktari akamtoa damu, akavikuta vimelea vya malale. Alisema dawa iko hospitalini Homa Bay, lakini tusichelewe.

Tungempeleka siku ile ile, kama Zadock asingeulizia shati lake la kijani. Rispa hakujua kudanganya. Akamweleza lilipo, na kwa nini.

Tangu hapo Zadock akakataa uji, akakataa sindano ya kushusha homa, akakataa kupanda gari.

"Mnanitibu ya nini?" alisema, bila hasira yoyote. "Watu wa nyumbani walishanizika."

Akalala akiwa amekunja magoti hadi kifuani, na kila nilipopita alionekana mdogo zaidi. Rispa alikaa kando yake akimtazama, na nilijua anachokiona, maana picha zile nilikuwa nimeziona.

"Ombati, ndugu yangu, hii si malale peke yake," aliniambia. "Huyu amekubali. Lazima watu wa kwao wamwambie yuko hai. Mimi nikisema hasikii."

Tukamleta Nashon. Hakutaka kuingia chumba alimolala kaka yake, lakini alikubali kutazama damu. Rispa akaiweka chini ya hadubini na kudondosha rangi.

"Angalia, shemeji. Hakuna buluu. Damu yake inakataa. Ni mtu hai."

Nashon aliinama, akakaza jicho. Ghafla akarudi nyuma, kiti kikaanguka.

"Kuna kitu inatembea ndani," alisema. "Inaogelea kama samaki kamongo."

"Hiyo ndiyo ugonjwa, shemeji."

"Hapana. Ndugu yangu iliingia maji. Sasa kitu ya maji imemvaa, inarudi nayo nyumbani. Hiyo ni jachien."

Jachien ni pepo. Nashon aliondoka kwa miguu, hakutaka hata lifti yangu. Na mimi nilianza kumpelekea mgonjwa uji nikiwa nimesimama mlangoni, tayari kukimbia.

Kesho yake Rispa alisema, "Washa gari. Twende kwa mama yake."

Tulimbeba Zadock akiwa ameishiwa nguvu za kukataa. Langoni mwa boma watu walikuwa wamejaa kimya, Nashon mbele yao, na nyuma yao uani msalaba ulionekana. Mama Phelesia alikuja akiegemea fimbo. Alimtazama mwanawe, akautazama msalaba, kisha akasema maneno machache kwa Kijaluo. Sikuelewa hata moja. Zadock akashuka garini akitetemeka, akajilaza katikati ya njia, nje ya lango. Watu wote, hata Rispa, wakageuka na kumpa mgongo.

Nilingoja. Jua liliwaka, nzi wakamtua midomoni, na hakuna aliyegeuka. Hasira zilinipanda, hofu ikasahaulika. Nilijiambia hata mbwa hatupwi hivi. Nikaenda nikamwinua, naye alikuwa mwepesi mno, nikamwambia Rispa kwa ukali, "Ingia garini, twende hospitali. Hawa si watu."

Vigelegele vikalipuka. Mama Phelesia akanijia mikono imenyooshwa, machozi yanamtiririka, na Rispa akanitafsiria huku naye analia.

"Anasema umeokota mtoto njiani. Anaomba umpatie amlee. Alishamlilia Zadock, machozi yake yaliisha, hawezi kumfukua. Huyu ni Owiti."

Owiti ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya ndugu zake waliomtangulia kufa. Wazazi humtupa njiani kwa muda mfupi ili mtu baki amwokote, kifo kisimjue ni wa nani. Ilibidi mtu amwokote bila kuambiwa, na ndugu wote walikuwa wanaogopa.

Ndani ya gari Owiti aliomba uji. Hospitalini Homa Bay alichomwa sindano kali zilizowaua wengine, akapona. Alirudi Kisegi akalima na kuuza nyavu, Nashon akala naye sahani moja. Kaburi la Zadock lilipaliliwa kila msimu, na mara nyingine mwenyewe ndiye aliyelipalilia.

Rispa alifurahi, nami nilimwona akifurahi. Ila jina lile jipya halikumkaa mdomoni. Mbele ya watu alimwita Owiti kama wengine. Wakibaki wawili alimwita Zadock. Aliniambia kwamba mwanzoni mumewe aliitika. Baadaye, kila alipomwita hivyo, mume aligeuka kwanza kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.