Mlio Mmoja Shambani

Enzi za Mwingereza mume wangu alikuwa na gobori lisilo na kibali. Tulilificha ndani ya mzinga mtupu juu ya mti, maana tarishi wa boma hakuwa mtu wa kuchokoza nyuki.

Mwaka ule sungura walitumaliza. Kila kunde iliyochipua waliikata.

"Piga hata mmoja," mama mkwe alimwambia mwanawe, "wengine watahama."

Mimi nikasema waachwe wale. Kunde tutapanda tena. Mume akishafungwa, nitampanda wapi?

Hawakunisikiliza. Alfajiri akapiga, akakosa. Mlio ukagonga majabali ukarudi. Tukalirudisha gobori mzingani, tukakaa mlangoni kuitazama njia ya boma.

Askari hakuja. Alikuja jirani yetu, anacheka.

"Shemeji, kumbe mna dawa ya sungura! Kesho mje na kwangu."

Mume wangu aliitikia. Tangu siku ile, jirani yule akitaka jembe, tunampa. Akitaka mbuzi, tunampa.

Nilikuja kutamani angekuja askari. Askari angekuja mara moja akaondoka. Huyu tulipakana naye shamba.