Vitonge vya Mkono wa Kushoto

Mbwa wetu alifundishwa asipokee chakula kwa mtu yeyote isipokuwa mume wangu. Huku Kilimarondo, wenye mashamba ya kupakana na pori huwafundisha hivyo mbwa wa kulinda, maana mwizi huja na kipande cha nyama chenye sumu, na mbwa mlafi hamalizi msimu. Mume wangu aliifanya kazi hiyo kwa uvumilivu ambao mimi mkewe sikuwahi kuonjeshwa. Alimlisha kwa mkono wa kushoto tu, kwa kuwa wa kulia ulikuwa wa chakula chake mwenyewe. Sisi ni Waislamu, na mimi miaka yote nilimpita mbwa huyo kwa mbali nimekusanya kanga yangu, nisije nikaguswa na mate yake nikaanza kutafuta udongo na maji ya kujitoharisha.

Kisha kiharusi kikampiga mume wangu, mahindi yakiwa yameanza kubeba. Upande wa kulia wote ukalala. Tulimpeleka kwa dada yake, Nachingwea mjini, awe karibu na hospitali, nami nikarudi shambani peke yangu. Mahindi yale ndiyo yangetulisha mwaka mzima, na nyani hawampi pole mtu aliyeuguliwa.

Nyani wa kwetu wanamjua mwanamke. Nilivaa koti na kofia ya mume wangu, nikapiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Walinitazama, wakaendelea kuvunja. Waliyemwogopa ni mbwa, na mbwa alikuwa amegoma kula.

Siku ya nne mbavu zake zilihesabika. Nilimwekea ugali, akaunusa, akaenda kujilaza mlangoni pa mume wangu. Wakati fulani wifi yangu alinionyesha kwenye simu mwanamke wa nchi za watu akimwokea mbwa biskuti, tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Sasa nilikuwa nimekaa mekoni nafanya yaleyale. Nilichemsha vichwa vya dagaa, nikachanganya na pumba za mahindi na ufuta uliobaki kwenye ungo, nikashikisha kwa uji mzito wa muhogo, nikafinya vitonge bapa na kuvianika juu ya bati. Vilinukia kuliko mboga yangu ya siku hiyo. Nikamnyooshea mkononi kabisa, mimi niliyekuwa namkimbia. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Wangu ulikuwa umejaa na haukulambwa. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimechoka na hata mbwa alikuwa ananichagulia.

Asubuhi yake nilitia mchanganyiko kwenye ndoo, nikapanda bodaboda kwenda mjini. Wifi yangu aliposikia ni chakula cha mbwa akanipa beseni lililopasuka ukingo na kuniambia nisilivushe kizingiti. Mume wangu tukamtoa barazani, tukamwekea beseni mapajani. Akaingiza mkono wa kushoto, akafinya.

“Mungu kamwachia kaka mkono wa mbwa,” wifi alisema, na sikujua kama anacheka au analia.

Ilimchukua mchana mzima. Vitonge vilitoka vimepinda, vingine vina alama za vidole vyote vitano. Maneno yake yalikuwa mazito, lakini aliniuliza mbwa analala wapi, anabweka akielekea pori au akielekea kijiji, na kama namfungulia mapema. Nilivianika palepale, nikarudi navyo kesho yake. Mbwa alivinusa mara moja, akala vitatu bila kutafuna, na jioni hiyohiyo nyani walikimbia.

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Kila wiki ndoo, bodaboda, vumbi au tope, beseni, baraza, kurudi. Mgongo ulikuwa ukiniuma kuanzia Jumatatu mpaka Jumatatu. Watu waliniuliza hali ya mgonjwa, na mimi nikawajibu habari za mbwa.

Wiki ya sita vitonge viliisha mapema. Nilifinya vingine mwenyewe, nikavifunga ndani ya shati la mume wangu ambalo halijafuliwa, nikidhani nimekuwa mjanja. Mbwa alinusa shati, akatingisha mkia, kisha akanusa kitonge na kuondoka. Siku mbili zikapita hivyo. Siku ya tatu nilibeba ndoo kama kawaida, ila njiani, tukiwa tumekwama kwenye tope na dereva ananiambia nishuke nisukume, niliamua kuwa imetosha. Acha nyani wale kilichobaki. Nilitaka kumwona mume wangu, ninywe chai, nilale.

Nilimkuta ameshakaa barazani ananisubiri, amekunja mkono wa shati kwa meno. Nilipoona vile nikahisi uchovu mpaka kwenye kucha. Nikamwambia asijisumbue tena, mbwa amekubali, sasa anakula mkononi mwangu. Nilidhani atafurahi, au angalau atanitania.

“Basi sina kazi tena,” alisema.

Akaurudisha ule mkono chini ya shuka. Wifi alimletea uji, mume wangu hakufungua kinywa. Nilimweleza habari za mahindi, za mvua, za jirani aliyevunjikiwa na jembe, akawa anatazama ukuta. Nilikunywa chai yangu nusu. Nilikuwa nimesafiri wiki zote zile nikiamini namtumikia mbwa, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa tangu siku alipoanguka.

Nikaenda kuichukua ndoo. Nikamimina kwenye beseni na kuliweka mapajani pake.

“Nimekudanganya, baba,” nilimwambia. “Hajala siku ya tatu leo. Mkono wangu ameukataa.”

Alilitazama beseni. Kisha uso wake ukageuka, upande mmoja ukaiva kwa hasira. Aliniuliza nina akili gani ya kumwacha mnyama na njaa siku tatu nami nina miguu miwili mizima. Mkono ukatoka chini ya shuka, ukatumbukia kwenye mchanganyiko. Aliendelea kunigombeza kwa yale maneno yake mazito, kitonge baada ya kitonge, na mimi nikakaa sakafuni kando yake, macho yananifumba kwa usingizi, nikimwomba Mungu mume wangu asinyamaze.